Nilikata Mishono ya Mama Nikaipaka Rangi

Mpendwa Shangazi Enid, naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, maana zimebaki siku kumi tu na moyo wangu hautulii hata nikiwa kazini, juzi nimetumbukiza barua za nyumba nzima kwenye mlango wa jirani nikarudishwa kama mtoto wa shule. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, nasambaza barua hapa hapa Keighley, sina mke kwa sasa, na naishi nyumba tatu kutoka kwa mama yangu, mjane wa miaka sitini na tisa, ambaye ndiye sababu ya barua hii ingawa mwenyewe hajui kama naandika.

Mama alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha matela ya mashambani, akichomelea vyuma, mwanamke peke yake katika mstari mzima wa wanaume, na mwaka wa kwanza walimfichia glavu zake kila siku mpaka siku moja akalichomelea kopo la chakula la msimamizi wao juu ya meza ya chuma, na tangu siku hiyo wakawa wanamletea chai. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi minne, akapaka rangi uzio mara mbili, akagombana na kila mtu dukani, nami nikaona huyu atakufa kwa kukaa, nikamwambia, mama, tununue lile gari la vipande tuliunde wenyewe, lile dogo la spoti, la viti viwili, lisilo na paa, ambalo nimekuwa nikilitamani tangu nina miaka kumi na miwili. Akaniuliza, "Fremu inakuja imeshachomelewa au inakuja mabomba?" Nikasema mabomba. Akasema, "Basi lete."

Wakatuletea mabomba ya chuma yaliyokwisha kukatwa, michoro, na ganda la faibaglasi lililovimba kwenye plastiki kama keki ya harusi, injini tukaitoa kwenye gari kuukuu la binamu yangu, na gereji ya marehemu baba ikajaa mpaka tukawa tunapita kwa upande. Tukagawana kazi, mimi injini, breki na nyaya, mama fremu yote, na majira ya baridi ya kwanza alichomelea sehemu ya nyuma, amevaa koti la baba, chupa ya chai miguuni, na mishono yake, Shangazi, ilikaa kama magamba ya samaki, nilikuwa naiangalia tu bila kazi. Majira ya baridi ya pili akafanya sehemu ya mbele, akawa analalamika kwamba kofia yake ya kuchomelea ina kioo kibovu, tukanunua nyingine, nayo ikawa mbovu, tukaongeza taa, nayo ikawa haina nguvu.

Basi Jumapili moja mwezi wa Mei, mama yuko kanisani, nikachukua nyundo ya mpira nigonge kidogo kile kishikio kinachobeba mkono wa gurudumu la mbele ili kikae sawa, kikaanguka miguuni kwangu. Sikukigonga kwa nguvu. Nikakiokota nikakiangalia, mshono ulikuwa mzuri kabisa, ila ulikuwa umekaa pembeni ya kiungo, haukushika upande wa pili, kama mtu aliyeshona kifungo huku na shati liko kule. Nikapiga magoti na tochi nikazunguka fremu nzima, na huko mbele zaidi ya nusu ya mishono ilikuwa vile vile.

Ningesema siku ile ile, najua, lakini mama akarudi kutoka kanisani akanimiminia chai, nusu ikaingia kikombeni nusu mezani, akasema, "Vikombe vya siku hizi wanavitengeneza vidogo," nami nikasema, "Kweli mama, vidogo," nikapangusa meza, na hapo ndipo uwongo wangu ulipoanzia.

Mwezi wa Juni yeye huenda kwa dada yake Scarborough wiki mbili, na alipopanda tu treni nikaazima tela, nikaipeleka fremu kwa fundi mmoja wa Skipton anayesifika, akaizunguka mara moja akaniuliza, "Nani kachomelea hii?" Nikasema ni mimi. Akaniangalia miguu hadi kichwa akasema, "Basi usirudie tena." Akakata mishono mibovu yote kwa grenda akachomelea upya, nikairudisha, na nikaipaka rangi kabla hata haijapoa vizuri, ili mama asione makovu ya grenda. Aliporudi akasimama mlangoni mwa gereji, akasema, "Umepaka rangi bila mimi?" Nikasema nilitaka kukushtua. Akaja taratibu, akapitisha kidole gumba juu ya mishono ya mbele, mmoja baada ya mwingine, akasema, "Nilikuwa nimesahau kwamba naweza hivi." Shangazi, nilitoka nje nikajifanya natafuta spana.

Gari tukalimaliza, mwezi wa Machi tukalipeleka kwa wakaguzi wa serikali, na mkaguzi alilala chini ya gari na tochi yake dakika nyingi, alipotoka akauliza nani alichomelea fremu, mama akainua mkono kama yuko darasani, yule bwana akasema, "Mama, ungekuwa unafundisha watu." Mama alimfanya arudie, halafu akamfanya aandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo sasa iko kwenye fremu ya picha sebuleni kwake karibu na picha ya harusi. Gari limepita, lina namba, ni zuri kuliko nilivyolitamani, na Jumapili mama huliendesha hadi kule milimani kofia ya sufu kichwani, anawapigia honi kondoo, wiki iliyopita alilipigia honi gunia la mbolea akidhani ni kondoo aliyelala barabarani, tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Sasa shida yenyewe ndiyo hii. Kuna msichana wa mtaa wetu, anafanya kazi kwenye duka la mikate, ana miaka ishirini na mbili, ameliona gari letu akapenda, naye amenunua seti yake ya mabomba, na mama amemwahidi kumchomelea fremu yote kuanzia Jumamosi ya wiki ijayo, bure, kwa sababu ya karatasi ile ya mkaguzi. Mama anaimba akiosha vyombo, amenunua glavu mpya. Nikimwambia ukweli namvunjia kitu ambacho kimemrudishia ujana, nikinyamaza msichana wa watu atapanda gari linaloshikwa na rangi. Nimefikiria hata niibe fremu ya yule binti mama atakapoimaliza niipeleke Skipton nayo ikafanyiwe vile vile, nikampigia simu yule fundi kumuuliza, akanijibu, "Wewe kijana, kwa nini usitafute mchezo mwingine, karata hivi?" Shangazi, nifanye nini, mimi mama yangu nampenda.

Mwana Mwoga, Keighley

*

Mwana Mwoga,

Kwamba unampenda mama yako sikuhitaji kuambiwa. Mtu asiyempenda mama yake hakubali kuitwa mchomeleaji mbovu mbele ya fundi wa Skipton ili jina la mama lisiguswe. Hilo nakupongeza, na pongezi zangu zinaishia hapo, kwa hiyo zifurahie.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye gunia la mbolea. Ninyi mlicheka. Mimi sikucheka. Mwanamke anayemimina chai mezani na kuona kondoo mahali palipo na gunia, wewe unamkabidhi usukani wa gari lisilo na paa na kumpeleka kwenye barabara za milimani ambako mabasi yanapita, na watu wanatembea na mbwa wao? Umehangaika mwaka mzima kuhusu mishono. Mishono ilishapona. Anayeumwa ni mama yako, na ni macho yanayomsumbua, na wewe umejua hivyo tangu siku ya kikombe.

Tazama ulichofanya. Ulipoona fremu ina kasoro, uliazima tela, ukaipeleka kwa fundi siku ile ile aliyoondoka mama. Ulipoona mama haoni, ulipangusa meza. Chuma kikapata daktari, mama akapata taa mpya.

Mimi siwezi kukaa hapa kwenye kiti changu nikajua mama yako ana nini. Lakini mambo uliyoyaeleza, kioo cha kofia ambacho kila mara ni kibovu, taa ambazo hazina nguvu, nimeyasema mimi mwenyewe kwa kinywa changu, miaka mitano iliyopita. Kwangu ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Niligombana na fundi wa umeme nikidhani ameniuzia balbu mbovu. Waliponitoa mtoto wa jicho la kwanza nilirudi nyumbani nikagundua mapazia yangu ni ya buluu, na yule fundi nikampelekea keki. Huenda mama yako ana hicho hicho, huenda ana kingine, na kingine hicho huenda hakingojei. Kila mwezi unaokaa kimya kumlindia furaha, unamnyima nafasi ya kuona.

Na hiyo furaha yenyewe, unaihesabia vibaya. Unasema ukweli utamvunja. Mwanamke aliyechomelea kopo la msimamizi mezani? Mama yako alikaa miaka ishirini na sita na wanaume waliotamani alie, hakulia. Atakukasirikia, ndiyo, na ana haki, na utavumilia. Lakini usimfanye kikombe cha udongo kwa sababu wewe ndiye unaogopa kelele.

Sasa nisikilize.

Ufunguo wa gari unachukua leo. Sema gari lina hitilafu ya breki kama — hapana, futa hilo, nimeanza kuwa kama wewe. Mwambie ukweli: mama, hutaendesha mpaka daktari wa macho akuone. Mchukulie miadi, mpeleke mwenyewe, ukae naye humo ndani, kwa sababu atajaribu kukariri zile herufi.

Habari ya mishono mwambie mchana, mkiwa gereji, mbele ya gari, si jikoni. Sentensi ya kwanza iwe yenyewe: "Mama, nilikata mishono yako." Usianze na "usikasirike", usianze na "unajua jinsi ninavyokupenda". Mwambie yote, Skipton, rangi, na kwamba ulijiita mchomeleaji mbovu. Akinyamaza, nyamaza. Akitukana, nyamaza zaidi.

Kwa yule binti wa duka la mikate usiende wewe. Kazi ile aliahidi mama, na ahadi ataiahirisha mama mwenyewe kwa kinywa chake. Ukienda kwa mlango wa nyuma kumwonya msichana, utakuwa umemfanyia mama yako kitu kile kile mara ya pili, na safari hii hakuna rangi ya kuficha.

Yote haya kabla ya Jumamosi. Siyo Jumamosi asubuhi.

Enid

*

*Barua ifuatayo ilinifikia mwezi wa Novemba, wasomaji wengi mmekuwa mkiuliza. Naiweka kama ilivyoletwa, na majina ni kwa ruhusa ya mama mwenyewe.*

Mpendwa Shangazi Enid,

Mama amesema niandike majina yetu, kwamba kama mtaa mzima umeshajua hakuna haja ya kujificha. Basi mimi ni Russell Thackray, na mama ni Glenda.

Shangazi, sikufuata ushauri wako, kwa sababu sikupata muda wa kuufuata. Kuna jambo sikukuandikia. Kila Alhamisi gazeti likija mama hunisubiri nitoke kazini nimsomee ukurasa wako, anasema miwani yake haifai tena kwa maandishi madogo, tunakunywa chai tunawacheka watu. Alhamisi ile nikafungua gazeti nikaona barua yangu. Nikamwambia, "Wiki hii hakuna kitu, ni mtu tu na mambo ya urithi."

"Soma," akasema.

"Haichekeshi, mama."

"Soma, Russell."

Nikatafuta la kubuni nikakosa. Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye matela ya mashambani akaweka kikombe chini. Nilipofika kwenye kopo la msimamizi nikasimama, akasema, "Endelea." Nikasoma mpaka kidole gumba, mpaka karatasi ya mkaguzi, mpaka jina la Mwana Mwoga, kisha nikasoma na majibu yako yote, hata pale ulipotaka kudanganya kuhusu breki. Nilipomaliza akakaa anaangalia dirishani, ingawa sasa najua alikuwa haoni kitu nje zaidi ya mwanga na vivuli.

Akasema, "Yule mwanamke wa gazeti ana mdomo mchafu."

Nikanyamaza, kama ulivyosema.

"Na wewe ni mpumbavu."

Nikanyamaza zaidi.

Akainuka, akaenda kwenye ndoano ya mlangoni, akarudi akautupa ufunguo wa gari mezani mbele yangu. "Unayo miadi ya huyo daktari au hunayo?" Nikasema sina, nikapiga simu pale pale, wakanipa Jumatatu. Akasema, "Na huyo fundi wa Skipton, yeye anafunga saa ngapi?"

Usiku huo hakunipa chakula cha jioni, wala kesho yake. Lakini kesho yake mchana tulikuwa Skipton, yeye kiti cha abiria, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Fundi anaitwa Mottram, mtu mnene mpole. Aliponiona akasema, "Umerudi? Si nilikwambia karata?"

Mama akashuka. "Siye yeye," akasema. "Ni mimi niliyechomelea."

Shangazi, yule mzee alivua kofia. Akaikunjakunja mikononi, halafu akasema, "Yote?"

"Yote. Mbele na nyuma."

"Ya nyuma pia ni yako?"

"Si nimekwambia yote!"

Bwana Mottram akazunguka nyuma ya gari, akalala chini kwenye saruji, mtu wa umri ule, akamwita mama alale pale chini kando yake. Mama akalala. Mimi nikabaki nimesimama nikiangalia miguu minne. Nikamsikia akimwambia, "Hii yote ya nyuma sikuigusa. Mwanao alisema nikate kila kitu, nikakata mbele, nilipofika huku nikasema hapana, huyu na yule si mtu mmoja. Nilijaribu mmoja kwa nyundo. Mkono ukaniuma siku tatu."

Hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilipaka rangi tu.

Mama akasema, "Hiyo ilikuwa baridi ya kwanza. Nilikuwa naona." Kisha nikasikia kidole chake kinakwaruza chuma kuelekea mbele, na baada ya muda akasema, "Hapa wewe ulikuwa na haraka."

"Wapi?"

"Hapa. Peleka mkono."

Bwana Mottram akasema, "Ilikuwa saa ya chakula."

Waliinuka wanapangusana vumbi. Njiani kurudi mama akaniuliza, "Yule mkaguzi, alimulika mbele au nyuma?" Nikasema sikumbuki. Ameamua ilikuwa nyuma, na karatasi bado iko ukutani, na mimi sina la kubisha.

Ulikisia sawa, ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa daktari alijaribu kweli kukariri herufi, akazisema zote vizuri, ila daktari alikuwa ameshabadilisha ubao. Jicho la kulia lilifanyiwa mwezi wa Septemba. Siku walipomtoa kitambaa nilikuwa nimekaa mbele yake, akaniangalia kwa muda, akasema, "Wewe Russell, umeota mvi lini?" Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja gereji, akawasha taa, akashika kiuno.

"Hii rangi ni nini?"

"Kijani iliyokolea, mama."

"Mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia watu gari letu ni jeusi, na hakuna mmoja aliyenisahihisha?"

Nikamwambia watu wanamwogopa. Akafurahi sana, akasema ni vizuri.

Jicho la kushoto limefanyiwa wiki tatu zilizopita, daktari amemruhusu kuendesha, na ninaomba radhi kwa wote wenye kondoo.

Yule binti anaitwa Tamsin Oldroyd. Mama alimwendea mwenyewe dukani, Ijumaa ile ile tuliporudi kutoka Skipton, akamwambia mbele ya foleni yote, "Sikufanyii kazi Jumamosi, macho yangu yamekufa, ukinisubiri nisubiri, usiponisubiri sitakasirika." Tamsin akamfungia mikate miwili akamwambia atasubiri. Lakini mama hakutaka akae bure. Akamwambia aje hivyo hivyo Jumamosi, na vipande vya chuma chakavu, atamfundisha achomelee mwenyewe. "Gari ni lako," akamwambia, "utapanda mshono wako."

Kwa hiyo tangu mwezi wa Juni kila Jumamosi mchana gereji iko wazi, Tamsin ndani ya koti la baba, mikono mirefu imekunjwa mara tatu, na mama kwenye kiti pembeni na chupa ya chai. Siku za mwanzo, kabla ya macho, alikuwa anamsikiliza tu, anasema mshono mzuri una mlio wake kama mafuta ya kukaangia, ukipasuka pasuka umekosea. Sasa anaona. Jumamosi iliyopita walianza mabomba yenyewe ya gari, si chakavu tena. Mimi nilikuwa nasafisha mkono wa gurudumu nikajifanya siangalii.

Tamsin akachomelea kiungo cha kwanza, akainua kofia. Mama akainama, akaangalia kwa karibu, pua karibu iguse.

"Mbaya. Kata."

Nilimwangalia yule binti nikadhani atalia. Akasema, "Mbaya wapi?" Mama akamwonyesha. Tamsin akasema, "Lo, kweli," akachukua grenda akaukata, cheche mpaka mlangoni, akaanza tena. Wa pili, "Mbaya. Kata." Wa tatu, "Afadhali. Kata." Kufikia saa kumi walikuwa wamefikia wa sita, Tamsin jasho linamtiririka na baridi yote ile, na safari hii mama hakusema kata. Aliuangalia kutoka juu, akauangalia kutoka chini, akavua miwani yake mipya akaifuta, akaivaa, akaangalia tena.

"Russell," akaita, "acha hicho ulichoshika, njoo uone kitu."

Russell Thackray, Keighley